Jua Haki Zako: Kila Mtu na Kila Raia

Jioni moja, wakati wauza kahawa walipokwisha kutua madele yao juu ya mkaa kando ya Mtaa wa Mkunguni, na wachuuzi wa Mtaa wa Kongo walipokuwa wakikunja maturubali yao, aliingia chumbani mwangu kijana mmoja mzaliwa wa Uganda, ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa mtumishi wa vijana katika kanisa moja la hapa Kariakoo: huwafundisha kwaya, huwatembelea wagonjwa, huwasuluhisha na wazazi wao wale waliokimbia nyumbani, na Jumamosi huwachezesha mpira. Aliniamkia, akaketi, akafungua mkoba wa kitambaa, akanitandazia mezani nakala za hati ambazo jasho na mikunjo vilikuwa vimekwisha kufuta nusu ya maandishi yake.

"Mzee," akasema, "juzi nilizuiliwa njiani nikitoka mazoezini, nikadaiwa pasipoti, nayo pasipoti huiweka mwenyeji wangu. Nikalala kituoni. Waliponiachia alfajiri waliniambia nishukuru, kwa kuwa mgeni hana haki."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonitia kalamu mkononi, maana silo kweli, na inasikitisha kulisikia katika mtaa ambao hata jina lake umelipata kwa wapagazi wa vita kuu ya kwanza, watu waliokusanywa kutoka pande nyingi wakawekwa hapa.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, inapozitaja haki, hutumia maneno mawili ambayo msomaji mwenye haraka huyapita bila kuyapima: mahali pengine husema kila mtu, na mahali pengine husema kila raia. Haki ya kwenda kokote nchini na kuishi popote, iliyo katika ibara ya 17, ni ya raia. Kadhalika haki ya kushiriki katika shughuli za utawala, iliyo katika ibara ya 21. Walakini haki ya kuwa huru, katika ibara ya 15, ni ya kila mtu. Heshima na hifadhi ya nafsi yake na maskani yake, katika ibara ya 16, ni ya kila mtu. Na uhuru wa imani, katika ibara ya 19, ambayo huitambua pia kazi ya kutangaza dini kuwa jambo huru na la hiari, maadam sheria za nchi hazivunjwi, nao ni wa kila mtu. Basi kijana huyu hawezi kupiga kura Ilala, wala hawezi kudai akae nchini kinyume cha idhini aliyopewa. Lakini hakuna askari awezaye kumweka ndani bila sababu ya kisheria, kumpiga, au kumfanya mkosaji kabla ya mahakama kusema.

Tuseme basi umeshikwa. Una haki ya kuambiwa kosa lako, kwa lugha unayoifahamu. Una haki ya kumpasha habari wakili, jamaa au rafiki, na ya kunyamaza, usije ukajibu kwa hofu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeweka muda wa kawaida wa kumhoji mtu kuwa saa 4 tangu alipotiwa nguvuni, na nyongeza yoyote ina utaratibu wake. Tena aliyekamatwa bila hati sharti afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na ikiwa haielekei kufanyika ndani ya saa 24, apewe dhamana, isipokuwa kosa lake liwe zito. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenziwe, kwa staha. Maelezo uliyoandikiwa usiyatie saini mpaka umesomewa ukaridhika kuwa ndiyo maneno yako. Na mgeni ana jambo moja ambalo mwenyeji hana: kwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mambo ya kibalozi, anapozuiliwa hana budi kujulishwa bila kukawia kwamba aweza kutaka ubalozi wa nchi yake upewe habari. Ubalozi hautamfungulia mlango wa mahabusu, lakini jina lililokwisha kufika ubalozini si rahisi kusahauliwa katika daftari la kituo.

Dhamana ya polisi haiuzwi. Hapa nasema kwa ukali, kwa sababu vijana wengi wa makanisa, wenyeji kwa wageni, hudhani kuwa fedha wanayotoa dirishani usiku ndiyo dhamana yenyewe. Malipo ya Serikali huja na namba ya malipo, ile ambayo Kariakoo nzima huiita kontrol namba, na baada yake hupatikana risiti. Anayedai fedha mkononi, bila namba na bila risiti, anaomba rushwa, na simu ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113, haitozi kitu.

Sasa nirudi kwenye pasipoti. Mwenyeji wake, ambaye sina shaka kuwa alikusudia ihsani, aliifungia kabatini isije ikaibwa katika msongamano wa Msimbazi. Wizi upo, naujua. Lakini hati ile ni mali ya serikali iliyoitoa, na amana yake amekabidhiwa yule ambaye jina lake limeandikwa ndani; kanisa, shirika wala mwajiri hana ruhusa ya kuishikilia kama rehani ya utumishi. Nilimwandikia mwenyeji barua fupi ya adabu, na siku ya pili ilirejeshwa. Kwa matembezi ya kila siku, mtu na achukue nakala safi iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya kibali chake, na asili aiweke mahali anapoweza kuifikia mwenyewe.

Nilipouliza kibali, kijana aliinamisha kichwa. Aliingia kwa pasi ya mgeni, ambayo raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa bila ada kwa muda usiozidi miezi 6, na alipoambiwa kwamba kazi ya Mungu haina mshahara, akaamini kwamba haina kibali pia. Kosa hili nimeliona kwa Waganda, kwa Wakenya, na kwa vijana wa Kijerumani wanaokuja kujitolea kwa mwaka mmoja. Kujitolea ni kazi mbele ya sheria. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 imetenga kibali cha kazi daraja D kwa ajili ya shughuli za dini na hisani zilizosajiliwa, nacho hudumu miezi 24 na huweza kuhuishwa; kisha Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi, ambacho kwa wamisionari na wanaojitolea aghalabu huwa daraja C. Kanisa linaloalika mtumishi ndilo lenye nyaraka za usajili zinazotakiwa, kwa hiyo ndilo linalopaswa kuanza maombi, na lianze kabla mgeni hajapanda basi. Kumwacha kijana wa watu azunguke Gerezani akihubiri upendo huku kila gari la doria likimshtua ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi lilikuwa saluni. Kijana alikuwa amewakusanya mabinti saba wafunzwe kusuka na kutengeneza nywele, katika chumba chenye vioo viwili na viti vya plastiki, na mapato madogo yalilipa umeme na chai. Wazo ni jema sana. Lakini kwa amri iliyotangazwa Julai 2025, wageni wamekatazwa biashara za aina 15, na saluni ni mojawapo, pamoja na uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu, uongozaji wa watalii na nyinginezo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na kibali hufutwa. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amejitolea kukata leseni kwa jina lake ili mgeni aendeshe. Huo ndio mtego wenyewe, kwa maana raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana adhabu yake, faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Ushauri wangu ulikuwa kwamba biashara iwe ya mabinti wenyewe kwa kweli, si kwa jina: kikundi chao, leseni yao, daftari lao la mapato, na mgeni abaki mlezi asiyegusa sanduku la fedha.

Kuhusu chumba alichopanga, mwenye nyumba alidai kodi kwa dola kwa kuwa mpangaji ni mgeni. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutaja bei na kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Alipe kwa shilingi, adai risiti na mkataba wa maandishi, na ajitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, maana siku ya msukosuko huyo ndiye shahidi wa karibu.

Asiye na fedha ya wakili asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hupokea watu bila malipo.

Alipokuwa akikusanya karatasi zake aliuliza, kama mtu akumbukaye jambo dogo, juu ya kambi ya vijana huko Unguja. Nikamwambia aketi tena. Sheria ile ya 2015 ni ya Tanzania Bara. Ajira za wageni Zanzibar zina sheria yake na ofisi yake, na kibali cha huku hakivuki bahari pamoja na boti. Tuliandika barua ya kuuliza utaratibu usiku uleule, naye akaisoma mara mbili, akanisahihisha tahajia ya jina lake, ndipo akatia saini.