Dawa ya kuzimia moto, si ya kupikia

Mtu yuko kwenye foleni ya posho, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Ghafla anakodoa macho, anatafuna mate, anafinyafinya ukosi wa shati. Ukimwita haitiki. Dakika mbili baadaye anauliza foleni imefika wapi. Majirani watasema mapepo. Huenda ni kifafa kinachoanzia kwenye ubongo wa upande wa panja.

Muulize kwa upole kabla ya hapo alihisi nini. Wengi husimulia kitu kinachopanda kutoka tumboni hadi kooni, au harufu asiyoinusa mwingine. Andika maelezo hayo kwenye daftari lake la matibabu, na akishikwa tena mrekodi kwa simu. Daktari wa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara hatakuwepo kifafa kikija, video itakuwepo.

Dawa ya kila siku mara nyingi huwa karbamazepini. Benzodiazepini, yaani diazepamu na ndugu zake, ni za kuzimia moto. Zikimezwa kila siku mwili huzizoea na nguvu hupungua. Hata hivyo daktari anaweza kuongeza klobazamu au klonazepamu. Akifanya hivyo, hesabu vidonge mapema, kabla mvua haijaharibu barabara: kuziacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika.

Kifafa cha kimya kama kile cha kwenye foleni kwa kawaida hakihitaji dawa papo hapo. Msogeze tu mbali na sigiri, usimkabe. Akianguka na kutetemeka, tazama saa kwanza. Mlaze ubavu. Usimtie chochote mdomoni, wala maji wala kidonge, isipokuwa dawa ya shavuni uliyofundishwa kuitumia. Kijiko ndicho kinachovunja meno. Dakika tano zikipita ni dharura: ita msaada, tafuta usafiri, na kama mhudumu wa afya alikupa dawa na kukufundisha, itumie.

Ipi? Utafiti wa Hospitali ya Mulago, uliochapishwa mwaka 2008, ulilinganisha dawa mbili kwa watoto 330 wenye degedege la muda mrefu. Diazepamu ya njia ya haja kubwa ilishindwa kwa watoto 43 katika kila 100. Midazolamu ya shavuni, 30. Hao walikuwa watoto, lakini kwa mtu mzima aliyeanguka sokoni shavu lina faida nyingine: hakuna haja ya kumvua nguo mbele za watu.

Ukishampa, tazama kifua kinavyopanda na kushuka, maana dawa hizi zinaweza kufifisha pumzi. Usirudie kipimo kwa hofu. Andika saa uliyompa, na daftari liende naye kwenye boda.