Kusoma kasha kabla ya kulipa: skrini ndogo ya michezo na televisheni katika chumba cha home

0. Utangulizi

Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kusoma shairi, hadithi na hotuba. Mara chache tunasoma kasha la bidhaa kwa uangalifu uleule, ingawa kasha nalo ni matini: lina msamiati wake, lina mtunzi wake, na lina msomaji ambaye mtunzi anataka kumfanya atoe pesa mfukoni. Katika makala hii ninachunguza kasha la aina moja tu, lile la skrini ndogo ambayo wanafunzi wananunua kwa kuchanga ili wacheze na kutazama televisheni chumbani. Mfano wangu ni chumba chetu hapa Lubumbashi. Tuko wanne, na tulikuwa tumechanga dola 30 kila mmoja, yaani dola 120. Kwa mwanafunzi, pesa hiyo haitolewi mara mbili. Ndiyo maana nilitaka tusome kwanza, tulipe baadaye.

Ninapoandika skrini, ninamaanisha kile ambacho wengine wanakiita kiwambo, kioo, au ekra kama tunavyosema kila siku. Itakuwa televisheni kamili au skrini ya kompyuta. Tofauti yao itaonekana katika sehemu ya nne.

1. Aina tatu za maneno

Ukisoma kasha lolote la skrini, utaona maneno ya aina tatu. Kuna maneno ya vipimo: inchi, pikseli, Hz, ms, W, V. Kuna majina ya matundu na mifumo: HDMI, AV, VGA, USB, DVB-T2. Kisha kuna maneno ya sifa: «Super», «Ultra Slim», «Cinema», «Vivid». Maneno ya sifa yameandikwa kwa herufi kubwa mbele ya kasha. Vipimo na matundu vimeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni, au kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa chombo chenyewe. Hoja yangu ni hii: maneno ya sifa hayawezi kupimwa, kwa hiyo hayatusaidii kuchagua. Vipimo navyo havina maana vikisimama peke yake. Vinapata maana pale tu tunapovilinganisha na chumba.

2. Inchi, pikseli na kitanda

Inchi moja ni sentimeta 2,54. Inchi za skrini zinapimwa kutoka pembe hadi pembe, si upana. Skrini nyingi za siku hizi zina umbo la 16 kwa 9. Kwa hiyo skrini ya inchi 24 ina upana wa karibu sm 53 na kimo cha sm 30. Ya inchi 32 ina upana wa karibu sm 71 na kimo cha sm 40. Msomaji wa haraka anaona 24 na 32 akidhani tofauti ni theluthi moja. Kumbe eneo la ile ya 32 linazidi la ile ya 24 kwa karibu asilimia 78, na meza ya chumba cha home inaihisi tofauti hiyo.

Neno la pili ni lile la uwazi wa picha. «Full HD» ni pikseli 1920 kwa 1080. «HD Ready» ni neno ambalo linadanganya wengi bila kusema uongo. Alama hiyo ilianzishwa Ulaya mwaka 2005. Inaahidi kwamba skrini inapokea picha za HD na kwamba ina mistari isiyopungua 720. Kwa kawaida televisheni ndogo ya aina hiyo ina pikseli 1366 kwa 768. Kwa hiyo «Ready» haina maana ya «kamili», ina maana ya «iko tayari kupokea». Ukiipatia picha ya Full HD, itaipunguza ili ienee.

Je, HD Ready ni mbaya? Jibu liko kitandani, pale unapokaa. Jicho zuri la mtu linaweza kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu sana mpaka kiasi fulani tu. Zaidi ya hapo vinaungana. Kanuni rahisi ni hii: gawa upana wa skrini kwa idadi ya pikseli za upana, halafu zidisha kwa 3400. Utapata umbali ambao kuanzia hapo jicho halioni tena vidoti.

– Inchi 24, Full HD: pikseli moja ina mm 0,28, umbali ni karibu sm 95.
– Inchi 24, HD Ready: mm 0,39, karibu sm 133.
– Inchi 32, Full HD: mm 0,37; karibu sm 126.
– Inchi 32, HD Ready: mm 0,52, karibu sm 177.

Tazama mstari wa pili na wa nne. Neno ni lilelile, HD Ready, lakini katika inchi 24 linavumilika kwa mtu aliyekaa mita moja na robo, na katika inchi 32 linamtaka arudi nyuma karibu nusu mita zaidi. Katika chumba chetu, kutoka meza hadi ukingo wa kitanda cha kwanza kuna sm 130. Nyuma ya hapo kuna magodoro, masanduku na ukuta.

3. Neno moja, maana mbili: Hz na ms

Hapa wenzangu wa isimu watafurahi, maana tunakutana na polisemia. Kwenye karatasi ya mgongoni utasoma «50/60 Hz». Muuzaji mmoja alituambia kwamba hizo ni picha kwa sekunde. Sivyo: Hz iliyo karibu na alama ya V inahusu umeme wa ukutani. Hz ya picha imeandikwa kwenye orodha ya sifa za skrini, na inasema skrini inabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Kwa 60 Hz, kila picha inakaa ms 16,7. Kwa 144 Hz, karibu ms 7. PlayStation 3 na PlayStation 4 hazipiti 60 Hz katika michezo ya kawaida, kwa hiyo mwenye kucheza kwa mashine hizo hana sababu ya kulipia 144. Anayecheza kwa kompyuta yenye nguvu ndiye anayeweza kuitumia.

Jihadhari pia na namba kubwa zisizofuatwa na Hz, kama «Motion 200». Hizo ni hesabu za kampuni yenyewe, hazilinganishwi na za kampuni nyingine.

Neno ms nalo lina maana mbili. «Temps de réponse 5 ms» ni muda ambao pikseli moja inachukua kubadilisha rangi. Mchezaji anajali zaidi jambo lingine: muda kati ya kubofya maneti na kuona mchezaji wake akipiga mpira. Muda huo mara nyingi hauandikwi kwenye kasha. Televisheni inachelewesha picha kwa sababu inaipamba kwanza: inalainisha, inaongeza rangi, inaondoa chembechembe. Katika baadhi ya televisheni ucheleweshaji huo unaweza kupita ms 100, yaani picha sita zimekwisha pita. Dawa yake ni kitufe kinachoitwa «Mode Jeu» ndani ya menyu. Televisheni isiyo nacho inafaa kwa habari na filamu, lakini mpenzi wa mpira wa maneti ataigombeza kila siku.

4. Majina ya matundu

Geuza chombo, tazama mgongo. PlayStation 4 ina HDMI peke yake kwa picha. PlayStation 3 ina HDMI, na pia inaweza kutumia waya za rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe, ambazo tunaziita AV. PlayStation 2 haina HDMI kabisa. Kwa hiyo mwenye PlayStation 2 akinunua skrini ya kompyuta isiyo na AV, amenunua dirisha bila nyumba.

Skrini ya kompyuta mara nyingi haina spika wala sehemu ya kupokea antena. Lakini ikiwa na tundu dogo la kisikilizio, sauti inayokuja kwa HDMI inatokea hapo. Ukiwa na dekoda ya Canal+, huhitaji mpokeaji wa antena ndani ya skrini, kwa sababu dekoda inafanya kazi hiyo. Ukitaka kupokea kwa antena bila dekoda, tafuta DVB-T2. T ya kwanza bila 2 haitoshi: mpokeaji wa DVB-T hafungui matangazo ya DVB-T2. Skrini ya zamani yenye VGA au DVI tu ina hatari nyingine. Dekoda hufunga picha kwa ulinzi unaoitwa HDCP, na skrini isiyoujua inabaki nyeusi hata kama waya umeingia vizuri.

5. Umeme

Katika home, umeme ni mhusika mkuu. Karatasi ikisema «100-240 V», chombo kinavumilia volti kushuka na kupanda kiasi. Ikisema «100 V» au «110-120 V» peke yake, kimetengenezwa kwa nchi nyingine, na ukikichomeka kwa 220 unakiua. Televisheni iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ina shida ya pili: antena yake inasoma mfumo wa huko, si wa kwetu.

W inasema chombo kinakula kiasi gani. Wakati wa delestaje, wengi wetu tunategemea betri na konvertisa. Betri ya 12 V na 50 Ah ina Wh 600 kwa hesabu. Ukitumia nusu ili usiiharibu, na ukiondoa kinachopotea katika konvertisa, unabaki na karibu 250. Skrini ya W 25 itaenda saa kumi, ya W 50 saa tano, na hapo sijahesabu dekoda wala mashine ya mchezo.

6. Uamuzi wa chumba chetu

Mbele yetu palikuwa na vyombo vitatu. Televisheni ya inchi 32, HD Ready, W 55, ilizidi mchango wetu kwa dola 15. Skrini ya kompyuta ya inchi 24, Full HD, iliyokwisha tumika, iliuzwa dola 80. Ilikuwa na HDMI moja na haikuwa na spika. Televisheni ya inchi 24, HD Ready, W 36, HDMI mbili, AV, DVB-T2 na «Mode Jeu», iliuzwa dola 95.

Wawili walitaka ile ya 32, kwa ajili ya wageni wa siku za mechi. Mmoja anayeandika TFC alitaka ile ya kompyuta, ili asome maandishi yake kwa uwazi. Hoja yake ilikuwa nzito, maana kwa herufi ndogo hakuna inayoshinda Full HD. Nilileta utepe wa fundi cherehani, tukapima. Kwa sm 130, ile ya 32 ingeonyesha vidoti kwa kila aliyekaa mbele. Tuna PlayStation 3, ambayo michezo yake mingi imetengenezwa kwa mistari 720, na tuna dekoda: matundu mawili ya HDMI yanahitajika kila siku. Tulichukua ya tatu. Dola 25 zilizobaki zilinunua stabilizateri. Mwenzetu wa TFC hakupata alichotaka. Tulikubaliana kwamba kuanzia saa tatu usiku sauti ni ya visikilizio tu, naye anasoma kwa utulivu.

7. Jaribio dukani

Usilipe kabla ya kuwasha. Onyesha rangi moja moja, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, utafute pikseli zilizokufa. Simama ubavuni, maana chumbani si wote wanakaa katikati. Rangi zikigeuka, waliokaa kando watalalamika. Unganisha kompyuta kwa HDMI, picha ileile ionekane pande zote mbili, washa saa ya kuhesabu, kisha piga picha skrini zote mbili kwa simu. Tofauti ya namba ni ucheleweshaji wa televisheni kuliko kompyuta. Rudia ukiwa umewasha «Mode Jeu».

8. Hitimisho na mazoezi

Kasha haliongopi sana. Linachagua tu neno gani liandikwe kwa herufi kubwa. Kazi ya msomaji ni kupanga upya herufi hizo kufuatana na chumba chake, mashine yake na umeme wake.

Zoezi la 1. Pima umbali kati ya kitanda chako na meza. Ni mistari gani kati ya ile minne ya sehemu ya pili inakufaa?

Zoezi la 2. Chukua kasha la chombo chochote cha umeme. Panga maneno yake katika aina tatu, uhesabu ni mangapi ya sifa.

Zoezi la 3. Tafuta neno la Kiswahili litakalotenganisha ms ya pikseli na ms ya maneti, kisha ulijaribu kwa wenzako chumbani. Wakilielewa bila maelezo, neno hilo limefaulu.