SOMO LA WIKI: Akaunti Ikigoma Kufunguka Siku ya Mnada

Biashara ya hisa na dhamana za serikali imehama kaunta na kuingia ndani ya simu. Nchini Kenya, tangu mwaka 2023 mwananchi ananunua hati za Hazina kupitia mfumo wa Benki Kuu uitwao DhowCSD. Soko la Hisa la Dar es Salaam nalo lina Hisa Kiganjani. Faida yake ni kubwa, kwani hakuna tena haja ya kupanda basi na bahasha ya fomu. Hata hivyo, mwekezaji aliyezoea kumlalamikia karani sasa analalamikia kioo, na kioo hakimjibu zaidi ya maneno mawili au matatu mekundu.

Siku ya kawaida hilo ni kero tu. Siku ya mnada, au siku bei inapoporomoka, ni hasara. Mnada ukishafungwa haumsubiri mtu aliyesahau neno la siri, na fedha zake zitalala benki bila riba hadi mnada mwingine.

Kosa ambalo wengi hulifanya ni kujaribu tena na tena kwa haraka. Mifumo mingi ya fedha huifunga akaunti baada ya majaribio machache yasiyo sahihi, ili mwizi asipate nafasi ya kubahatisha. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na tatizo dogo la herufi moja hujikuta na tatizo kubwa la akaunti iliyofungwa. Baada ya jaribio la pili kukataliwa, mikono ipumzike. Swali la kujiuliza ni moja: kasoro iko kwa mwenye akaunti, iko njiani, au iko kwenye mtambo wa kampuni?

Alama ya kwanza ni ujumbe wenyewe, ambao watu wengi huufunga bila kuusoma. Ukisema jina au neno la siri si sahihi, basi mtambo unafanya kazi na umejibu. Kasoro inatafutwa kwenye kilichoandikwa. Ikionekana namba inayoanzia na 5, kama 500, 502 au 503, mtambo wa upande wa pili ndio wenye matatizo, na hata mtu akiandika neno la siri mara mia haitasaidia. Namba zinazoanzia na 4 huelekeza kwenye ombi lenyewe. Kwa mfano 401 maana yake mfumo haujamtambua anayeingia, na 429 maana yake amebisha hodi mara nyingi mno, angoje. Ukurasa usiofunguka kabisa, huku tovuti nyingine zote nazo hazifunguki, ni suala la mtandao.

Kwa upande wa mwenye akaunti, sababu nyingi ni ndogo kiasi cha kuaibisha. Simu hupenda kuanza neno kwa herufi kubwa bila kuombwa. Inapomkamilishia mtu anwani ya barua pepe, mara nyingi huongeza nafasi tupu mwishoni. Jicho haliioni lakini mtambo unaweza kuikataa. Namba ya simu iliyosajiliwa kwa 255 au 254 huenda isikubaliwe ikiandikwa kwa kuanzia 07. Aidha, kuna kivinjari kinachotunza neno la siri la zamani na kulijaza chenyewe, ilhali mwenyewe alilibadilisha wiki iliyopita. Dawa ni kufuta kila kilichojazwa, kubonyeza alama ya jicho ili herufi zionekane, na kuandika upya polepole. Dakika moja inatosha.

Lipo tatizo jingine linalowachanganya hata wazoefu: neno la siri linakubaliwa, ukurasa unazunguka, kisha unarudi palepale pa kuingilia. Hapo kosa mara nyingi ni la vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kivinjari ili imtambue mtu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kumbukumbu ikiharibika au ikizuiwa, mfumo humsahau mtu mara tu baada ya kumkaribisha. Namna rahisi ya kupima ni kufungua dirisha fiche la kivinjari, au kutumia kivinjari kingine. Akiingia huko, basi afute vidakuzi vya tovuti hiyo peke yake. Hakuna haja ya kufuta kila kitu kwenye simu, kama vijana wa vibanda vya simu wanavyopenda kushauri.

Kisha kuna namba za uthibitisho. Zile zinazokuja kwa ujumbe mfupi hutegemea kampuni ya simu, na zinaweza kuchelewa. Mtu asiye na subira huomba namba tatu mfululizo, halafu ya kwanza ikifika anaiandika. Inakataliwa, kwa kuwa kwa kawaida inayokubalika ni ya mwisho tu. Aombe moja, angoje.

Namba zinazotengenezwa na programu ndani ya simu ni jambo tofauti. Hizo hazihitaji mtandao wala ujumbe. Simu na mtambo hukokotoa namba ileile kutokana na siri waliyopeana mwanzoni na saa ya wakati huo, na kwa kawaida namba hubadilika kila sekunde 30. Ndiyo maana simu ambayo saa yake imepotea kwa dakika tatu au nne hutoa namba nzuri za tarakimu sita ambazo zote zinakataliwa. Mwenyewe huapa kwamba ameandika sawasawa, na kweli ameandika sawasawa. Arudi kwenye mipangilio ya simu na kuiacha saa ijirekebishe yenyewe kwa mtandao.

Njiani nako hutokea mambo. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Siku kama hiyo neno la siri halina kosa lolote. Kubadilisha kutoka laini ya kampuni moja hadi nyingine huweza kusaidia, kwa kuwa kampuni hazipiti njia moja wakati wote.

Kuhusu mitambo ya wenyewe, mfano unaojulikana sana ni wa Marekani. Machi 2, 2020 kipimo cha Dow Jones kilipanda pointi 1,294 kwa siku moja, na siku hiyohiyo wateja wa kampuni ya udalali ya Robinhood walikuta huduma imezimika. Juni 2021 chombo kinachosimamia madalali nchini humo, FINRA, kiliitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 57 na kuiamuru iwalipe wateja takriban dola milioni 12.6, kukatika huko kwa huduma kukiwa miongoni mwa mashtaka. Karibu zaidi na nyumbani, Julai 2023 tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, eCitizen, ilishambuliwa kwa kumiminiwa maombi mengi ya uongo, hata wananchi wa kweli wakashindwa kuingia.

Ishara moja haipaswi kusubiri hata dakika tano. Ikiwa akaunti inakataa neno la siri na wakati uleule laini ya simu imepoteza mtandao bila sababu, huenda tapeli amejisajilia laini ya mwenyewe na sasa namba za uthibitisho zinamfikia yeye. Apige kwa simu nyingine, kwanza kwa kampuni ya simu, kisha kwa benki na dalali, aombe kila kitu kisimamishwe. Mnada utakuwapo mwingine.

Tapeli huvizia pia wale wanaohangaika. Anayelalamika hadharani kwamba hawezi kuingia hufuatwa haraka na "huduma kwa wateja" ya bandia inayomwomba neno la siri au namba ya uthibitisho. Mfumo uliojengwa vizuri hautunzi neno la siri lenyewe, bali alama iliyokokotolewa kutokana nalo, hivyo karani halali halijui wala hana kazi nalo. Anayeliomba ni mwizi. Anwani ya tovuti iandikwe kwa mkono au ihifadhiwe mapema. Matangazo yanayojitokeza juu ya majibu ya utafutaji si ya kuaminiwa.

Mwekezaji makini huingia kwenye akaunti siku moja kabla ya mnada, wakati bado kuna muda wa kupiga simu ofisini. Namba ya dalali huiandika kwenye daftari, maana iliyomo ndani ya akaunti iliyofungwa haimsaidii, na humuuliza mapema kama anapokea maagizo kwa simu au kwa maandishi na kwa masharti gani. Siku mtambo ukigoma kweli, hupiga picha ya skrini inayoonyesha saa na ujumbe wa kosa, huandika ofisini papo hapo, na kueleza agizo alilotaka kuweka, kiasi na bei. Malalamiko yaliyoandikwa kabla matokeo hayajatangazwa yana uzito ambao ya kesho yake hayana.