Nasinzia mchana, nimeze dawa?

SWALI: Daktari, nafanya zamu ya usiku kiwandani Athi River na kurudi Katelembo asubuhi. Juzi nilisinzia kwenye matatu hadi nikapitishwa steji. Mwenzangu amenipa modafinili. Nimeze? Natumia vidonge vya kupanga uzazi, na mume wangu husema nakoroma sana.

JIBU: Usimeze bado, dada. Modafinili hukuweka macho, lakini deni la usingizi hailipi. Kukoroma huko kwaweza kuwa dalili ya pumzi kukatika usingizini. Hilo lina tiba yake. Upungufu wa damu nao huchosha. Nenda Hospitali ya Machakos Level 5 ukapimwe kwanza.

Daktari akikuandikia, kwa kawaida ni miligramu 200, saa moja kabla ya zamu. Mwambie kuhusu vidonge vyako: dawa hii huvipunguzia nguvu, hata mwezi mmoja baada ya kuiacha. Ukitokwa na vipele, acha na urudi hospitali upesi. Usiichanganye na muguka.

Kwa sasa, funika dirisha kwa leso nzito, zima simu, ulale saa saba mfululizo. Chai ya rangi inywe mwanzo wa zamu, si alfajiri.