MASHINE YA BARAFU NYUMBANI: JINSI YA KUIWEKA NA KUITUNZA

Siku hizi mashine ndogo za kufanyiza barafu zimeenea madukani, na watu wengi wamezinunua. Wengine kwa ajili ya wageni wao, wengine kwa kuuza maji ya matunda, na wengine kwa sababu ya joto tu. Lakini twaona ya kuwa aghalabu mashine hununuliwa kwa fedha nyingi, ikawekwa kwa haraka, na kitabu chake cha maelezo kikabaki ndani ya sanduku. Miezi michache ikipita, mashine huzimika, au barafu hutoa harufu, au watoto wa nyumba huumwa tumbo na mtu asijue sababu. Kwa hiyo twapenda katika somo hili kueleza mambo matatu: jinsi mashine ifanyavyo kazi, jinsi ya kuiweka, na jinsi ya kuitunza. Na neno moja twalitanguliza, maana ndilo msingi wa mengine yote: barafu haiwi safi kwa kuwa ni baridi. Barafu ni maji, na maji yakiwa machafu, barafu nayo ni chafu.

ASILI YAKE

Zamani barafu ilikuwa mali ya nchi za baridi. Mwaka wa 1833 mfanya biashara wa Boston, jina lake Frederic Tudor, alipeleka kwa merikebu barafu iliyokatwa maziwani huko Marekani hata mji wa Calcutta katika Bara Hindi, safari ya miezi minne. Baadaye daktari mmoja wa Apalachicola, katika jimbo la Florida, aitwaye John Gorrie, alitaka kupoza vyumba vya wagonjwa wake wa homa, akaunda mashine ya kufanyiza barafu, akapewa hati ya uvumbuzi mwaka wa 1851. Alikufa mwaka wa 1855 bila kupata faida ya kazi yake. Basi na tukumbuke ya kuwa mashine hii ilianza kwa ajili ya afya za watu. Haifai kuigeuza kuwa chanzo cha maradhi.

JINSI IFANYAVYO KAZI

Watu wengi hudhani ya kuwa mashine hutia baridi ndani ya maji. Sivyo. Mashine huondoa joto lililomo ndani ya maji na kulitupa nje. Mtu apakwapo spiriti mkononi kabla ya sindano husikia baridi, kwa kuwa spiriti ikigeuka mvuke huchukua joto la ngozi. Ndivyo ilivyo katika mashine. Ndani ya mabomba yake imo gesi. Kompresa huishindilia gesi hiyo nayo hupata moto. Kisha hupita katika mabomba yaliyopindwapindwa, ambapo feni huipepea mpaka ikapoa na kuwa maji maji. Hapo hupita katika kijibomba chembamba sana, na ikitoka upande wa pili hupata nafasi, hugeuka mvuke tena, na kuchukua joto la maji yaliyo karibu. Maji yakipotewa na joto lake huganda.

Ukiweka mkono kando ya mashine iliyo kazini utasikia hewa ya moto ikitoka. Hilo ndilo joto lililotoka katika maji yako. Hewa hiyo ikizuiwa, joto hurudi mlemle lilimotoka, na mashine hufanya kazi bure.

Tena ifahamike ya kuwa kuligandisha ji la baridi si kazi ndogo. Kilo moja ya maji iliyokwisha fika nyuzi 0 hutaka kuondolewa joto sawasawa na lile litakiwalo kuyapandisha maji hayohayo kutoka nyuzi 0 hata nyuzi 80. Kwa hiyo usiilaumu mashine kwa kukawia, wala usitie maji ya moto ndani yake.

AINA ZAKE

Aina mbili ndizo zipatikanazo sana majumbani. Ya kwanza ni mashine ya mezani. Hii haina bomba. Mwenyewe hutia maji katika tangi lake, na vidole vya chuma huchovya majini na kufanya vipande vidogo vya barafu, kwa kawaida kila baada ya dakika 6 hata 13. Nyingi huandikwa ya kuwa hutoa kilo 12 hivi kwa saa 24. Lakini hesabu hiyo hupimwa penye hewa ya kadiri. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam utapata pungufu. Tena kikapu chake si friza. Barafu ikikaa humo huyeyuka, na maji yake hurudi tangini kugandishwa tena. Atakaye kuiweka akiba sharti aihamishe katika friza.

Aina ya pili huungwa na bomba la maji na bomba la kutolea maji machafu, na maji hutiririka juu ya bamba la baridi. Barafu yake ni ng'avu zaidi, kwa kuwa maji yagandapo polepole huku yakitembea huziacha nyuma hewa na chumvi. Lakini ung'avu si ushahidi wa usafi, maana vijidudu havionekani kwa macho.

KUIWEKA MAHALI PAKE

Kwanza, mashine ikifika nyumbani usiiwashe papo hapo. Njiani yamkini ililazwa au kuinamishwa, na mafuta ya kompresa yakaingia mabombani. Isimamishe wima, uiache saa 24, ndipo uiwashe.

Pili, chagua mahali penye kivuli na hewa, mbali na jiko na dirisha liingizalo jua. Acha nafasi ya sentimeta 15 hivi kila upande utoao au uingizao hewa. Usiifunike kwa kitambaa, hata kama ni kwa ajili ya pambo. Mashine nyingi za nyumbani zimeundwa kwa hewa isiyopita nyuzi 32 za sentigredi. Joto likizidi, kazi hupungua na kompresa huchoka.

Tatu, iweke juu ya mahali pagumu palipo sawa, uhakikishe kwa pimamaji. Mashine iliyoinama hujaza maji upande mmoja, na vipande vya barafu hutoka vingine vikubwa vingine vidogo, ama maji humwagika.

Nne, tazama umeme. Katika Tanzania umeme wa nyumbani ni volti 230, na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutaka volti 120 tu. Ukiichomeka katika soketi yetu itaungua. Soma kibati kilichobandikwa nyuma kabla ya kutoa fedha zako. Soketi iwe na waya wa ardhi, maana maji na umeme vikikutana huua. Na kwa kuwa umeme hukatika na kurudi ghafula, yafaa kuweka kifaa cha kulinda friji, ambacho hungoja dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kupita. Kompresa ikilazimishwa kuanza mara tu baada ya kuzimika huwa ina mzigo wa gesi iliyoshindiliwa, nayo huweza kuungua.

MAJI NA MABOMBA

Mwenye mashine ya bomba na apime kwanza msukumo wa maji yake. Mashine nyingi za namna hii hutaka takriban baa 1 au zaidi. Sasa, maji yaliyo juu kwa mita 10 hutoa msukumo wa baa 1 hivi. Basi tangi lililo juu ya mnara wa mita 3 hutoa baa 0.3 tu. Watu wengi huilaumu mashine na kumwita fundi mara kwa mara, kumbe kosa ni kimo cha tangi. Dawa yake ni pampu ndogo, au kununua mashine ya mezani tangu mwanzo.

Weka koki karibu na mashine, ili maji yaweze kufungwa upesi bomba likipasuka, na chujio kabla ya maji kuingia. Kabla ya kuunga bomba jipya, yaache maji yapite yatoe mchanga na taka za kazi. Bomba la kutolea maji liwe na mteremko, na mdomo wake usizame katika shimo wala karo. Uache nafasi ya hewa katikati, ili maji machafu yasipate njia ya kupanda na kurudi katika mashine. Barafu ya kwanza mwagia bustani, usiinywe.

Sasa twarudia neno letu la kwanza. Baridi haiui vijidudu vyote vya maradhi. Vingi hulala tu, na barafu ikiyeyuka katika bilauri huamka. Mwaka wa 1991 kipindupindu kilipozuka nchini Peru, vinywaji vyenye barafu vilivyouzwa njiani vilikuwa miongoni mwa njia zilizoeneza ugonjwa ule. Mtu achemshaye maji ya kunywa kwa uangalifu, kisha akatia ndani yake barafu ya maji yasiyochemshwa, amefunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi. Kama maji ya mahali pako hayaaminiki, yachemshe yatokote dakika 1 nzima, na katika nchi za milima zipitazo mita 2,000 dakika 3. Uyafunike, yapoe, ndipo uyatie katika tangi la mashine. Chujio la kawaida huzuia mchanga na harufu, lakini halitoshi kuzuia vijidudu vyote. Hapa ndipo mashine ya mezani inapoishinda ya bomba, kwa kuwa mwenyewe ndiye atiaye maji.

KUISAFISHA

Maadui wa mashine ni watatu: chokaa, utelezi na vumbi.

Chokaa ni utandu mweupe uachwao na maji magumu. Hushika vidole vya chuma na kuzuia baridi isifike katika maji, na barafu hung'ang'ania isitoke. Huondolewa kwa dawa iliyotajwa katika kitabu cha mashine, au kwa siki au maji ya ndimu kama kitabu kinaruhusu. Usikwangue kwa kisu. Kisu huweza kutoboa bomba, na gesi ya mashine nyingi za siku hizi huwaka moto.

Utelezi na ukungu huota mahali penye unyevu hata kama pana baridi. Kwanza osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, suuza, kisha uue vijidudu kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato, kama kitabu hakikatazi: kijiko kikubwa kimoja katika lita 4 za maji. Iache dakika chache, kisha suuza mara kadhaa kwa maji safi.

Hapa twatoa onyo kali. Usichanganye kamwe siki, ndimu au dawa nyingine yenye asidi pamoja na dawa ya klorini. Vikikutana hutoa hewa ya sumu iunguzayo macho na mapafu. Fanya kazi ya siki kwanza, suuza sana, ndipo ufanye kazi ya klorini. Na madirisha yawe wazi.

Vumbi nalo hushika mabomba yanayopoza gesi. Chomoa plagi, ulipanguse kwa brashi laini. Mashine iliyojaa vumbi hula umeme zaidi na kutoa barafu kidogo.

UTARATIBU WA KUBANDIKA UKUTANI

Kila siku: teka barafu kwa kijiko chake, si kwa mkono wala kwa bilauri, kijiko kisiachwe ndani ya barafu. Katika mashine ya mezani, mwaga maji ya jana, utie mapya.

Kila juma: osha tangi, kikapu, kifuniko na kijiko.

Kila mwezi: ondoa vumbi, tazama chokaa, tazama mipira na maungio kama yavuja.

Kila miezi 6, ama mapema zaidi kama maji ni magumu: ondoa chokaa, ua vijidudu, na badili chujio.

Ukisafiri: chomoa plagi, funga koki, mwaga maji yote, kausha, na uache kifuniko wazi. Maji yaliyolala ndani majuma mawili ndiyo mama wa ukungu.

NENO LA MWISHO

Mashine ya wati 120 ikifanya kazi saa 10 hula yuniti 1.2 za umeme. Gharama hiyo kila mtu aweza kuipiga hesabu kwa bei ya kwao. Mvuvi asidanganyike ya kuwa mashine ya nyumbani itamtosha. Katika nchi za joto samaki hutaka barafu yenye uzito karibu sawa na wao wenyewe, na kilo 12 haziendi mbali. Naye mwenye dawa ya sindano ya kisukari asiilaze juu ya barafu, maana dawa hiyo ikiganda huharibika. Yataka baridi ya nyuzi 2 hata 8.

Lakini kwa nyumba itakayo kinywaji baridi wakati wa joto, mashine hii ni msaada mzuri, nayo haina siri kubwa: maji safi, mahali sawa, hewa ya kutosha, umeme uliolindwa, na mikono iliyooshwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nusu saa ya kusafisha kila juma huepusha gharama ya kompresa mpya. Na lililo kubwa kuliko hilo, mgeni akinyweshwa kinywaji nyumbani mwako huondoka na afya yake.