SOMO: KUITAMBUA MASHINE YA KALE YA KUFYONZA VUMBI



Likitajwa jumba la makumbusho, wengi wetu tunafikiri ngoma za machifu, mikuki na mafuvu. Lakini yapo majumba, hasa Ulaya na Marekani, yanayotunza mashine: cherehani, pasi, matrekta, na hata mashine za kufyonza vumbi. Wenzetu wanaofanya usafi mahotelini na maofisini wanaijua mashine hii. Ndani mna mota inayozungusha feni. Feni inavuta hewa, hewa inakuja na vumbi, vumbi linabaki mfukoni na hewa inatoka. Basi.

Somo la leo ni jinsi ya kuitambua mashine ya namna hiyo iliyo kuukuu: ilitengenezwa lini, wapi, na nani aliyeibuni. Nimelichagua kwa sababu katika historia yake yumo mfagiaji mmoja ambaye watu wengi hawamjui, ingawa makaratasi yanamjua vizuri. Na njia ya kumfikia mfagiaji huyo ni ile ile utakayoitumia kwa mashine unayoiendesha wewe kila siku.

Tuanze na mashine, makaratasi yatafuata.

Kwanza uliza: hii inafyonza au inafagia tu? Vifaa vingi vya zamani vina brashi inayozunguka na kisanduku cha kukusanyia taka, lakini havivuti hewa hata kidogo. Melville Bissell wa Grand Rapids, Marekani, alipata hati ya kifaa cha aina hiyo mwaka 1876. Ni kitu kizuri, lakini ni ufagio wenye magurudumu. Ukikiita mashine ya kufyonza umekosea tangu mlangoni.

Pili uliza: nguvu inatoka wapi? Hapa ndipo penye utamu. Kabla ya umeme kuingia majumbani, nguvu ilikuwa ya mtu. Daniel Hess wa jimbo la Iowa alipata hati mwaka 1860 kwa kifaa chenye mivukuto, kama ile ya mhunzi, ila hii inavuta badala ya kupuliza. Mwaka 1869 Ives McGaffey wa Chicago akaleta mashine iliyoitwa Whirlwind. Mtu aliisukuma kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukizungusha mpini ili feni igeuke. Jaribu kufanya hivyo kwa saa moja! Whirlwind zilizosalia duniani ni chache mno. Baadaye, karibu na mwaka 1910, kulikuwa na mashine ya mivukuto iliyoitwa Baby Daisy, ambayo ilihitaji watu wawili: mmoja anavukuta, mwingine anapitisha bomba juu ya zulia. Kwa hiyo ukiona mashine yenye mivukuto, ujue kwamba kwa kawaida waliotoka jasho walikuwa watumishi wa nyumba, wala si mwenye zulia.

Uingereza walipita njia nyingine. Mwaka 1901 mhandisi Hubert Cecil Booth alitazama mashine iliyopuliza vumbi likaruka huku na huku, akajiuliza kwa nini lisivutwe. Husimuliwa kwamba aliweka mdomo wake kwenye kiti cha hoteli akanyonya, akakohoa sana, lakini jibu akalipata. Mashine yake ilikuwa kubwa kama gari, yenye injini ya petroli, ikakokotwa na farasi na kuegeshwa barabarani, na mabomba marefu yakapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Jumba la Science Museum la London linatunza mashine za Booth.

Mashine za umeme nazo zina dalili zake. Tazama waya. Waya wa zamani umevikwa uzi wa pamba. Tazama plagi: zile za mwanzo Marekani huwa na kichwa cha kuskrubu kama cha globu, kwa sababu nyumba nyingi zilikuwa na umeme wa taa tu. Mwenye nyumba alitoa globu, akaskrubu mashine mahali pake. Tazama umbo. Electrolux ya Sweden, Modeli V ya mwaka 1921, inalala chini kama kopo refu na kuteleza juu ya vyuma viwili. Tazama pia kitu iliyoundwa nacho. Bakelaiti, ile plastiki ngumu nyeusi au ya kahawia, ikiwa nyingi kwenye mwili wa mashine, basi fikiria miaka ya 1930 na kuendelea. Hoover ya Modeli 150, iliyochorwa na Henry Dreyfuss, ni ya 1936. Ile ya duara kama mpira, Hoover Constellation, ni ya 1954.

Lakini umbo hudanganya. Mafundi hutengeneza mashine kwa vipuri vya mashine nyingine: mpini wa mwaka huu, mfuko wa mwaka ule, mota ya tatu. Mfuko ndio hubadilishwa mara nyingi kuliko vyote. Usitaje mwaka kwa kuangalia sehemu moja.

Sasa tuje kwenye kibati. Kibati ni kile kipande cha chuma chenye maandishi. Kiguse kwa adabu: usikisugue kwa msasa wala kwa dawa ya kung'arisha, maana unaweza kufuta kile ulichokuja kukitafuta. Zima taa, washa tochi, mwanga uje kutoka ubavuni. Herufi zilizofutika hutupa kivuli zikasomeka. Wala usiichomeke mashine ya zamani kwenye umeme ili kuona kama inafanya kazi. Mpira wa ndani ya waya umekwisha kuoza, na umeme hauna habari kwamba uko makumbusho.

Kwenye kibati utakuta jina la kampuni, volti, namba ya mashine yenyewe, na mara nyingi maneno madogo “Pat.” au “Patent”. Hiyo ni hataza, yaani hati ya serikali inayosema fulani amebuni kitu fulani na mtu mwingine asikiige kwa muda uliowekwa. Marekani wakati huo muda ulikuwa miaka 17. Usichanganye namba ya mashine na namba ya hataza. Ya mashine hubadilika kila mashine inapotoka kiwandani. Ya hataza ni ile ile kwa maelfu yote.

Namba ya hataza huonyesha wakati. Hataza ya Marekani iliyotimiza namba 1,000,000 ilitolewa Agosti 1911, kwa hiyo namba iliyo chini ya hapo ni ya kabla ya siku hiyo. Uingereza walianza hesabu mpya mwaka 1916 kwa namba 100,001. Kabla ya hapo namba iliandikwa pamoja na mwaka wake. Mashine za Marekani za kabla ya 1927 mara nyingi zina tarehe tu bila namba. Hapo kuna ujanja mmoja ninaoupenda: hataza za Marekani hutolewa siku ya Jumanne. Ukisoma tarehe kwenye kibati kilichochakaa, tafuta ilikuwa siku gani. Kama si Jumanne, umeisoma vibaya. Rudi na tochi yako.

Kumbuka pia kwamba tarehe ya hataza si tarehe ya kutengenezwa. Inakwambia mashine haikutoka kabla ya hapo. Inaweza kuwa ilitoka miaka kumi baadaye.

Tuchukue mfano. Tuseme mashine haina jina, limebaki “June 2, 1908” tu. Ilikuwa Jumanne, vizuri. Siku hiyo zilitolewa hataza nyingi za mambo mbalimbali, lakini ukitafuta zinazohusu kusafisha mazulia utafika kwenye namba 889,823. Hataza za miaka hiyo zinasomwa bure kwa intaneti, hata kwa simu, pamoja na michoro. Unalinganisha mchoro na mashine: feni hapa, brashi hapa, mfuko unaning'inia nyuma ya mpini. Na juu ya karatasi kuna jina. Si Hoover. Ni James Murray Spangler wa Canton, Ohio.

Spangler alikuwa mfagiaji katika duka kubwa mjini Canton. Alikuwa na miaka karibu 60 na pumu ilimsumbua. Vumbi aliloliinua kwa kazi yake ndilo lililomziba kifua. Wenzetu wa jineri za pamba na wa vyumba vya kuchambulia majani makavu ya chai hawahitaji kuelezwa. Hakuwa mgeni wa ufundi: kabla ya hapo alikwisha kupata hataza za zana za shamba. Husimuliwa kwamba mashine yake ya kwanza aliiunga kwa mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto ikawa mfuko. Fedha za kuziunda kwa wingi hakuwa nazo. Mwaka 1908 William Hoover, aliyekuwa akitengeneza vitu vya ngozi vya farasi na kuona magari yakija kumharibia biashara, akainunua haki hiyo. Tuseme ukweli: Spangler hakufukuzwa, alibaki na kampuni na akawa analipwa kwa kila mashine. Alifariki Januari 1915. Jina lililoenea ni la Hoover, hata Waingereza wakafanya “hoover” kuwa neno la kazi yenyewe. Kiwanda cha North Canton kilifungwa mwaka 2007.

Kwa nini basi jina la mfagiaji halikufutika? Kwa sababu sheria ya Marekani wakati huo ilitaka ombi la hataza liwekwe na mbuni mwenyewe, mtu wa damu na nyama, hata kama haki ataiuza kwa tajiri. Kwa maoni yangu, kadi ya makumbusho inayoandika jina la kampuni na jina la bibi aliyeitoa zawadi, ikaishia hapo, haijamaliza kazi. Mbuni atajwe. Na kama yupo mtu aliyeisukuma miaka ishirini akifanya usafi, aulizwe: ilikuwa nzito? Mfuko ulimwagwa wapi? Nani alivuta vumbi hilo? Hayo hayamo kwenye kibati.

Sasa rudi kiwandani kwako. Katika kiwanda kimoja nilichokuwa nikiandikisha wanachama, msimamizi alisema mashine iliyomkata kijana vidole ilikuwa mpya, hivyo kosa ni la kijana. Fundi mmoja akakwangua rangi kidogo kwa ukucha, kibati kikatokea. Mashine ilikuwa na umri zaidi ya baba yake huyo kijana. Mazungumzo yalibadilika siku hiyo hiyo.

Kwa kikundi cha masomo cha tawi: kila mmoja aandike daftarini maandishi yote ya kibati cha mashine yake, herufi kwa herufi, na achore umbo la kibati na mahali kilipo. Penye herufi isiyosomeka aache nukta, asibahatishe. Kisha mjadili: mashine ina umri gani angalau? Sehemu gani imebadilishwa, na mzee gani wa kiwanda anakumbuka ilibadilishwa lini? Kinga iliyo katika mchoro bado ipo kwenye mashine, au imeondolewa? Mashine izimwe na swichi kubwa ifungwe kabla mtu hajaingiza kichwa au mkono kutafuta kibati.