Dondoo muhimu: Ukienda kuchomwa sindano za misuli

Sindano hizi nyembamba hazina dawa. Mtaalamu wa fiziotherapia huzitumia kulegeza misuli iliyokaza.

1. Hakikisha anayekuchoma ana leseni na amesomea sindano hizi.
2. Usiende na njaa, unaweza kuzirai.
3. Mweleze mtaalamu kama una ujauzito au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin.
4. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako.
5. Usijigeuze sindano ikiwa mwilini.
6. Usiogope msuli ukiruka kidogo, au ukiuma siku 1 hadi 2.
7. Ukichomwa begani, shingoni au mgongoni kisha pumzi ikakubana, wahi hospitali mara moja.
8. Endelea na mazoezi uliyopewa. Sindano peke yake haitoshi.